Mashapo ya Chupa ya Lucien

Siku ya saba ya likizo yetu nilimkana Anselme hadharani, sokoni Beaune, mbele ya meza ya cheri. Nalisema mapema ili mtu asije akanionea huruma nisiyostahili.

Mpaka asubuhi hiyo hakukuwa na mwanamke mwenye raha kunizidi. Tulitoka Lyon na gari lake dogo jeupe, lile analobebea jibini, ambalo hata ulioshe kwa sabuni siku tatu bado litanuka mbuzi. Ratiba hatukuwa nayo. Tukiona kibao cha mvinyo tunakata kona, tukiona soko tunasimama. Mâcon alinunua kofia ya majani makavu iliyomfanya aonekane padri aliyefukuzwa parokiani, akakataa katakata kuivua. Cluny tulilala mpaka saa nne asubuhi, mimi ambaye katika ndoa yangu yote niliamka saa kumi na moja. Wenye mashamba walitukaribisha kwenye maghala yao tuonje, wenyewe wakionja na kutema kama kawaida ya kazi yao, lakini Anselme hatemi. Anasema mama yake alimkanya kutema riziki ya watu. Jioni tunagawana sahani moja ya konokono nje ya mkahawa, ananiangalia. Ananiangalia tu, hasemi kitu, na mimi na miaka yangu hamsini na minne naona haya kama msichana wa kuposwa.

Mume wangu, Lucien, alifariki miaka sita iliyopita. Moyo ulimsimama Februari moja akiwa anakata matawi ya mizabibu, na jirani ndiye aliyemkuta. Baada ya mwaka nilihamia Lyon, nikapata kazi kwenye duka la vitambaa vya mapazia. Jumamosi ya kwanza nikapanda mlima wa Croix-Rousse kutafuta jibini, nikakutana na mwanamume mrefu mwenye mvi anayekata vipande vya kuonja vikubwa kuliko alivyotakiwa. Kwa miaka miwili nilinunua jibini ambayo mjane mmoja hawezi kuimaliza. Siku aliponiuliza kama nina familia kubwa nyumbani, nilimwambia ukweli kwamba naishi peke yangu na friji limejaa. Akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Nyumbani kwa marehemu hakuna aliyejua. Binti yangu Bérénice, wa miaka ishirini na saba, anaishi na bibi yake kijijini Saint-Aubert, na wawili hao ndio wanaoliendesha shamba la mizabibu. Nilimwambia nasafiri na Ghislaine wa dukani. Sasa utaniuliza, mtu anayeficha mapenzi anaendaje kutembea nayo Beaune, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwa mama mkwe? Anselme ndiye aliyetaka. Alisema anataka kuona mahali nilikoacha nusu ya maisha yangu, hata kwa kupita tu. Nami nilipenda kuombwa hivyo, nikasahau kwamba Jumamosi nusu ya Saint-Aubert iko sokoni.

Anselme alikuwa amenitia cheri mdomoni kwa mkono wake. Nikiwa bado na kokwa shavuni, nikamwona Madamu Paccard, shoga wa mama mkwe tangu enzi za komunyo ya kwanza, amesimama na kapu lake la vitunguu. Aliangalia mdomo wangu, akaangalia mkono wa Anselme, akapandisha macho taratibu mpaka kwenye ile kofia.

"Solange," akasema, "mbona hutujulishi? Huyu bwana ni nani?"

Mdomo uliponza kichwa. "Ni dereva," nikasema. "Nimemkodi."

Hata muuza cheri aliacha kupima. Anselme alinitazama mara moja, si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alivua kofia yake, akachukua kapu letu mkononi mwangu.

"Nitakusubiri garini, Madamu," akasema.

Miezi kumi na minane tumekuwa pamoja, hajawahi kuniita Madamu. Nilibaki pale namsikiliza Madamu Paccard akisifu bei ya vitunguu, kokwa la cheri nimelimeza bila kujua.

Garini hakuwasha injini. Nilimwomba msamaha, nikamweleza kwamba niliingiwa na hofu, kwamba mama mkwe ana miaka themanini na mitatu, kwamba Bérénice alimwabudu baba yake. Yote alikuwa anayajua. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mke wangu aliponiacha," akasema, "aliondoka saa sita mchana, kwa mlango wa mbele, majirani wote wako madirishani. Iliniuma. Lakini hakunificha. Wewe unasema unanipenda halafu unanificha, na mimi umri wa kupitia mlango wa jikoni umenipita, Solange."

Kabla sijajibu, simu ikalia. Alikuwa Bérénice. Sauti yake ilikuwa baridi na ya adabu, na mwanangu akiwa na adabu ujue pana jambo. Bibi ananitarajia chakula cha mchana kesho, Jumapili. Na dereva pia aje, bibi amesema asiachwe garini kama mbwa.

Nilidhani Anselme atakataa. Akakubali. Ila aliweka sharti lake, akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili ingawa gari limesimama.

"Nitakwenda. Watakachonifanyia nitakivumilia, mimi nimekulia sokoni. Lakini wakiuliza mimi ni nani, sitajibu mimi, utajibu wewe. Na ukisema dereva kwa mara ya pili, basi nitakuwa dereva kweli. Nitakurudisha Lyon, nitakushusha mlangoni kwako, na jibini utatafuta meza nyingine."

Usiku ule tulilala kila mtu na ukingo wake wa kitanda.

Saa sita na nusu Jumapili tulikuwa Saint-Aubert. Mwezi wa sita mizabibu inatoa maua, na kijiji kizima kinakuwa na harufu ile tamu hafifu ambayo mgeni hajui inatoka wapi. Mama Huguette, mama mkwe wangu, alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango na gauni lake la kijivu la kanisani. Mimi alinibusu mashavu yote mawili. Anselme alipoinama naye abusiwe kama mtu yeyote anayekaribishwa chakula, yule mama akamnyooshea mkono. Wa kusalimia mwanasheria, au fundi wa bomba. Anselme akaushika kwa heshima zote. Alikuja mikono mitupu, bila hata ua, na nilipomuuliza njiani alinijibu kwamba dereva haji na maua.

Mezani tulikuwa wanne. Mimi niliwekwa mahali pangu pa siku zote, mkabala na picha ya Lucien. Bérénice kulia kwangu. Anselme alipelekwa mwisho kabisa wa meza, kiti cha karibu na mlango wa jikoni, pale wanapokaa vibarua wakati wa mavuno. Tukala sungura wa haradali. Mama Huguette akazungumzia mvua ya mawe ya mwezi uliopita, akazungumzia padri mpya ambaye ni mvivu, akazungumzia mchanganyiko wa dawa ya mizabibu, yote hayo bila jicho lake kufika ule mwisho wa meza hata kwa bahati mbaya. Anselme alikula vizuri, akamshukuru Bérénice kila alipopitishiwa mkate. Bérénice hakuitikia.

"Ghislaine hajambo?" akaniuliza mwanangu ghafla.

"Hajambo," nikasema, huku nikijua tayari kwamba nimekwisha.

"Nashukuru. Maana nilipiga simu dukani Ijumaa, akapokea mwenyewe. Akaniuliza mama anarudi lini."

Mama Huguette alimenya ganda la mkate kwa vidole, taratibu, kama hakusikia. Nilimtazama Anselme. Yeye alikuwa akitazama sahani yake, na nikajua hatanisaidia. Alikuwa amesema hivyo na ni mtu wa neno lake. Nilitaka kusema, nikafungua kinywa, nikamwona Lucien ukutani na lile tabasamu lake la upande mmoja, maneno yakanikauka. Nikanywa maji. Niliyachukia maji yale na nilijichukia mwenyewe.

Ndipo mama mkwe aliponyanyuka. Akaenda kwenye kabati, akarudi na chupa ndogo isiyo na nembo, ina vumbi, ubavuni imeandikwa kwa chaki mwaka wake, tisini na tatu.

Niliitambua kabla hajaiweka mezani. Ni mvinyo wa kwanza Lucien kuutengeneza peke yake, bila baba yake kumwelekeza, mwaka ule ule aliponioa. Zabibu zake nilizikata kwa mikono yangu, nikiwa bibi harusi wa miezi miwili na malengelenge kwenye vidole. Zilibaki chupa tano. Tulizoea kufungua moja tu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu yake.

"Nimeona leo inafaa," akasema Mama Huguette. "Tukumbushane."

Alizibua mwenyewe. Akamimina polepole, kwa upande, kama wanavyofanya watu wanaojua kwamba mvinyo wa miaka mingi umelala juu ya uchafu wake na hautaki kutikiswa. Akajimiminia yeye. Akammiminia Bérénice. Akanijazia mimi kuliko wote. Kisha akafika kwa Anselme, aliyekuwa ameshasogeza glasi yake kistaarabu, akasimama kando yake na chupa mkononi.

"Wewe unaendesha," akamwambia. "Si ndiyo?"

Anselme aliinua macho, akanitazama. Mama Huguette naye akageuka, akanitazama. Bérénice akanitazama.

"Solange," akasema mama mkwe, "nauliza. Huyu si dereva? Dereva hapewi mvinyo."

Alinipa mlango wa kutokea, mjue. Neno moja tu, ndiyo, na tungekula jibini na kitindamlo, tukaagana, na Jumatatu kila kitu kingekuwa kama kilivyokuwa. Angenisamehe. Ndilo lililonichoma kuliko yote, kwamba alikuwa tayari kunisamehe. Nikasimama.

Nilizunguka meza na glasi yangu iliyojaa, nikaiweka mbele ya Anselme. Kisha nikamwambia mama mkwe nilichopaswa kumwambia Madamu Paccard. Kwamba nilisema uongo sokoni. Kwamba mtu huyu anaitwa Anselme Vuillard, anauza jibini Lyon, na hajakodiwa na mtu.

"Nampenda, Mama," nikasema. "Nampenda mwaka na nusu sasa. Nilimkana jana kwa woga, sitamkana leo."

"Kwenye meza ya Lucien," akasema.

"Kwenye meza ya Lucien."

"Na mvinyo wa Lucien unampa huyu."

"Ni wangu pia. Uliza vidole vyangu."

Akaweka chupa mezani, karibu na kiwiko cha Anselme, kwa kishindo kidogo. Ndani yake vilibaki vidole viwili hivi vya mashapo, ule utope mweusi ambao haumiminwi. Na hapa niseme kitu ambacho kwetu kila mtoto anakijua. Atakayemiminiwa tone la mwisho la chupa, ama ataingia ndoani ama atanyongwa, kabla mwaka haujaisha. Ni utani wa mezani. Wajomba huwatania nao wapwa zao, na mtu asiyetaka maneno hufunika glasi kwa kiganja. Lakini katika nyumba za wenye mvinyo, chupa ya zamani haina tone la mwisho. Ukifika kwenye mashapo unaacha. Tangu tulipomzika Lucien, mama mkwe hufungulia wageni chupa za zamani tu kila ninapokuja. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mpaka dakika ile: hakutaka tone la mwisho linifikie mimi.

Nikaichukua ile chupa. Mvinyo wangu nilikuwa nimempa Anselme, kwa hiyo nikamwaga maji ya glasi yangu kwenye chungu cha maua dirishani, nikamimina. Yalitoka mazito, yakagoma, nikapiga kitako cha chupa kwa kiganja mpaka ya mwisho yakaanguka.

"Hayo ni mashapo, Solange," akasema Mama Huguette. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Hayanywewi."

"Najua, Mama. Nimeyamwaga kwenye sinki lako miaka ishirini na mitatu."

Nikayanywa yote. Yalikuwa machungu na yana mchanga, yalinikwama kooni, machozi yakanitoka, na nikajikaza kisabuni mpaka glasi ikawa tupu.

"Ama harusi ama kitanzi," nikasema. "Chagua unachonitakia."

Mama Huguette alikaa chini. Alikuwa mzee ghafla, na sitasema sikumwonea huruma, nilimwonea. Mwanamke huyu alinifundisha kufunga mizabibu, na siku ya mazishi alinishika kiuno nisianguke wakati yeye ndiye aliyekuwa akimzika mtoto.

"Uliahidi," akasema. "Kanisani pale. Nilikuwepo."

"Niliahidi mpaka kifo. Kikaja, Mama. Nilimpenda Lucien mpaka siku kilipokuja, na bado nampenda kwa namna inayobaki. Lakini hakikunichukua mimi. Ninaamka asubuhi nina njaa, nina hamu ya kwenda sokoni, nina hamu ya mtu wa kucheka naye. Nifanye nini na mwili huu, niuweke kabatini na zile chupa?"

Bérénice alikuwa akilia kimya kimya. Hakunilaumu kwa Anselme. Alichosema ni kwamba nilimdanganya yeye, mwanangu wa pekee, kwamba kwa mwaka na nusu alikuwa akinipigia simu kila Jumapili kwa kudhani nateseka peke yangu. Nilimjibu kwamba hapo ana haki. Kumpenda Anselme si kosa, ila kumficha yeye ni kosa, na ni langu mwenyewe. Nikamwomba msamaha mbele yao wote. Akapangusa macho, akaniangalia, uso wake ukaanza kumsaliti.

"Mama," akasema, "meno yako yote meusi."

Akacheka, bila kupenda, kicheko kilichochanganyika na kilio, na ni kicheko cha baba yake mtupu. Hata Mama Huguette aligeuza uso.

Ikawa zamu ya Anselme. Alisimama sasa, glasi yangu mkononi, akanywa kidogo, akaitikia kwa kichwa kwamba mvinyo ni mzuri. Aliitoa heshima hiyo akiielekeza kwenye picha, si kwetu. Kisha akanigeukia. Yale macho ya jioni za konokono yalikuwa yamerudi, na mimi na mdomo wangu uliojaa utope nikaona haya upya.

"Kitanzi sikipendi," akasema. "Basi imebaki moja. Lini?"

"Septemba kuna mavuno."

"Oktoba?"

"Oktoba. Jumamosi."

Akasita, nikamwelewa. Jumamosi ni siku yake ya soko. Kwa miaka thelathini hajakosa Jumamosi hata moja pale Croix-Rousse, hata siku mke wake alipoondoka, hata na homa. Watu wa soko lile wanajua saa kwa kumwona yeye anapanga meza.

"Nitafunga," akasema.

Nikajua nimeposwa.

Mama Huguette alikusanya vipande vya mkate mbele yake, akavifanya lundo dogo safi. Kisha akainua kidevu, ndiye yeye tena, wa miaka themanini na mitatu na mwenye shamba.

"Harusi hiyo," akasema, "mimi siji."

Niliketi kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya Anselme, kule karibu na jikoni.

"Sawa, Mama," nikamwambia. "Asiyetakiwa kukosa siku hiyo ni mimi."